IBN KHALDUN: MWANACHUONI ALIYECHUNGUZA ASILI YA FITINA ZA WAISLAMU

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Sahaba zake, twapenda katika waraka huu kuwaeleza ndugu zetu Waislamu maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa sana na kitabu chake husomwa kidogo, naye ni Ibn Khaldun.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii. Fitina ikizuka baina ya Waislamu, kama ilivyozuka Yemen mwaka 2014 na Sudan mwaka 2023, khabari zake hutufikia kwa saa moja, na sisi barazani huwa tumekwisha gawanyika pande mbili kabla kahawa haijapoa. Huyu husema fulani ndiye mwenye haki, yule husema fulani ndiye dhalimu, na wachache mno huuliza asili ya ugomvi ule ni nini, au aliyeileta khabari ile ni nani na ana maslaha gani. Na yule atakaye kujua kwa kweli, mara nyingi hana budi kuvifungua vitabu vya wageni, kwani katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza siasa za Waislamu na vita vya nchi zao. Hatuwalaumu kwa hilo, kwani mwenye kutafuta hupata. Lakini ni aibu kwetu kutojua kwamba katika mlango huu wa elimu, yaani kuchunguza kwa mizani kwa nini dola husimama na kwa nini huanguka, na kwa nini watu wa kibla kimoja hupigana, Mwislamu alitangulia, naye ni Kadhi wa madhehebu ya Imamu Malik, zaidi ya miaka 600 iliyopita.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abdul-Rahman bin Muhammad, kuniya yake Abu Zayd, na lakabu aliyoitwa baadaye ni Waliyyuddin. Alizaliwa katika mji wa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, na hiyo ni Mei mwaka 1332. Ukoo wa Khaldun asili yake ni Hadharamaut, nao wakijinasibisha na Sahaba Wail bin Hujr. Basi jamaa wengi wa pwani yetu ambao babu zao walitoka Hadharamaut wana nchi moja ya asili pamoja naye, ila babu zake yeye walielekea machweo ya jua, na babu za hawa walitweka matanga wakaja na kaskazi.

Babu zake walikaa Andalusia katika mji wa Seville, ambao Waarabu waliuita Ishbilia, nao walikuwa ni watu wa elimu na wa serikali. Walipoona kuwa mji utaangukia mikononi mwa Wakristo, nao ukaanguka kweli mwaka 1248, walihama wakavuka bahari mpaka Afrika ya Kaskazini, wakaishia Tunis chini ya wafalme wa Banu Hafs. Baba yake aliuacha mlango wa serikali ambao wazee wake waliuzoea, akaelekea elimu na ibada.

MASOMO YAKE NA MSIBA WA TAUNI

Alisoma Kurani akaihifadhi, akasoma lugha ya Kiarabu, Hadithi na fikihi. Mwaka 1347 Sultani Abul-Hasan wa Banu Marin alitoka Fez na jeshi kubwa akaiteka Tunis, na pamoja naye wakaja maulamaa wengi. Mmoja wao ni Sheikh al-Abili, na kwake kijana huyu alisoma mantiki na elimu za akili, na huyu ndiye mwalimu aliyemtukuza kuliko wote.

Haukupita muda, mwaka 1348, jeshi la Abul-Hasan likavunjwa na makabila ya Waarabu wa bara karibu na mji wa Qayrawan. Kisha ikaja ile tauni kuu iliyoenea dunia. Ikawachukua baba yake na mama yake na wengi wa masheikh zake, naye umri wake yapata miaka 17. Basi tazameni: kijana mmoja, kabla hajatimiza miaka ishirini, ameona dola ikipanda kwa fahari, ameiona ikivunjwa na watu wa mahema, na ameona miji ikibaki mitupu. Si ajabu kuwa maisha yake yote alikuwa akiuliza ni nini kinachoijenga miji na ni nini kinachoibomoa.

KATIKA MAJUMBA YA MASULTANI

Wakati huo nchi za Magharibi ya Kiislamu zilikuwa zimegawanyika baina ya koo tatu: Banu Hafs wa Tunis, Banu Abdul-Wad wa Tlemcen, na Banu Marin wa Fez. Wote hao ni Waislamu, na sehemu kubwa ya raia zao ni wa madhehebu moja, na wote walirithi vipande vya dola moja iliyokwisha anguka, nayo ni dola ya al-Muwahhidun. Juu ya hayo hawakutulia mwaka mmoja bila ya vita. Ndugu alipigana na ndugu, na mtoto akamwondoa babaye kitini, na kila Sultani alikuwa na jamaa za adui yake amewafuga nyumbani kwake, ili awatumie siku ya haja.

Ibn Khaldun aliingia katika bahari hiyo naye bado kijana. Kazi yake ya kwanza katika Tunis ilikuwa kuandika kwa hati nzuri tamko la kumhimidi Mungu juu ya nyaraka za Sultani. Kazi hiyo haikumtosha. Akaiacha Tunis, akaelekea Fez, na mwaka 1354 akaingia katika baraza ya Sultani Abu Inan. Mwaka 1357 akashukiwa kuwa anasaidia mpango wa kumrejesha mmoja wa wafalme wa Banu Hafs kitini kwake, akatiwa gerezani, akakaa humo karibu miaka miwili mpaka Sultani alipokufa mwaka 1358. Alipotoka aliwaacha waliomtoa akamsaidia Abu Salim kupata ufalme, akawa katibu wake. Na Abu Salim naye akauawa.

Mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada, akapokewa kwa heshima na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mwanachuoni na mshairi Lisanuddin Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 Sultani huyo alimtuma kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Kikristo wa Castile, katika mji ule ule wa Seville. Huko aliona kwa macho yake athari za babu zake. Mfalme yule alitaka abaki kwake, akaahidi kumrudishia mali ya ukoo wake, naye akakataa, akarudi kwa Waislamu wenzake.

Lakini Granada nako hakukaa. Mwaka 1365 aliitwa na mfalme wa Bejaia wa Banu Hafs awe hajibu wake, na hajibu katika desturi yao ndiye mkuu wa mambo yote baada ya Sultani. Mwaka uliofuata mfalme huyo aliuawa katika vita na binamu yake, mtawala wa Constantine. Watu wengine wa mji walitaka Ibn Khaldun amtawaze mtoto wa marehemu na kuendelea na vita. Yeye akaona kuwa hilo halina mwisho mwema, akatoka akamkabidhi mshindi mji. Baada ya hapo alikaa miaka kadhaa katika Biskra na mabara yake, akiwakusanya wakuu wa makabila mara kwa Sultani huyu, mara kwa Sultani yule.

Sisi hatusemi kuwa mwendo huo wote ni wa kusifiwa. Alibadilisha mabwana mara nyingi, na wapo maulamaa wa zama zake waliomlaumu kwa kupenda vyeo. Mwenye kuandika maisha ya wakubwa akaficha dosari zao huwadhulumu wasomaji, na huenda akawafanya waabudu watu badala ya kufuata haki. Tunalosema ni kuwa alipata huko ilmu ambayo haipatikani katika vitabu peke yake. Aliijua siasa kwa ndani kama nahodha aijuavyo bahari, kwa kuwa amekwisha tupwa na mawimbi yake. Na rafiki yake Ibn al-Khatib, aliyekuwa waziri mkubwa wa Andalusia, aliishia kunyongwa gerezani katika mji wa Fez kwa fitina za watu wa serikali.

NGOME YA IBN SALAMA

Mwaka 1375 akachoka. Sultani wa Tlemcen alimtuma kwa makabila kama kawaida, naye badala ya kwenda huko akageuza njia, akaomba himaya kwa jamaa za Awlad Arif, wakampa makao pamoja na watu wake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akakaa huko karibu miaka minne, mbali na majumba ya wafalme.

Hapo ndipo alipoandika Mukaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha tarehe kiitwacho Kitab al-Ibar. Aliumaliza mwaka 1377, naye ameeleza kuwa uandishi wake wa kwanza ulichukua miezi mitano, kisha akaupitia na kuuongeza kwa miaka mingi. Zingatieni jambo hili. Miaka zaidi ya ishirini alitumikia wafalme, na hakuna hata mmoja wao aliyedumu kwa sababu ya utumishi wake. Miaka minne alijitenga na ugomvi akautazama kwa mbali, na matunda yake yapo mikononi mwetu mpaka leo.

MAMBO ALIYOYAGUNDUA

La kwanza ni kuwa khabari hupimwa kabla ya kupokewa. Aliwalaumu waandishi wa tarehe kwa kunakili kila kilichoandikwa na waliotangulia, bila kuuliza kama jambo lile lawezekana. Akatoa mfano wa khabari iliyonakiliwa na al-Masudi, kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliwahesabu askari wa Bani Israili jangwani wakawa 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun akauliza: jeshi la kadiri hiyo litapangwa vipi katika uwanja wa vita, ikiwa safu moja haiwezi kuiona nyingine? Na watu waliokuwa wachache walizaana kiasi gani mpaka wakafikia idadi hiyo katika vizazi vichache? Akaeleza kuwa mtu huongopa, au hupokea uongo wa wenzake, kwa kupenda kundi lake, au kwa kumwamini msimulizi, au kwa kutaka kujipendekeza kwa wakubwa, au kwa kutojua tabia za maisha ya watu. Ndugu zetu, ni nani kati yetu asiyeyaona hayo katika khabari za vita ziletwazo kwetu leo?

La pili ni asabia, nayo ni ule mshikamano wa watu wa ukoo mmoja au wa shauri moja, ambao humfanya mtu amtetee mwenziwe kama ajiteteavyo nafsi yake. Aliona kuwa dola haisimami ila kwa mshikamano huo, na mara nyingi hutoka kwa watu wa maisha magumu, wa jangwani na milimani. Wakiisha kushika mji, huingia katika starehe. Mtawala huwaondoa jamaa zake waliompa nguvu, akaweka watumwa na askari wa kukodi. Na ule mshikamano hufa. Kizazi cha kwanza hujenga, cha pili huiga, cha tatu husahau. Akakadiria kuwa umri wa dola kwa kawaida ni vizazi vitatu, kila kimoja miaka 40, yaani jumla miaka 120, kisha huja wengine wenye njaa na mshikamano mpya wakaichukua.

La tatu ni khabari ya dini na siasa. Alisema kuwa wito wa dini huondoa husuda baina ya watu na kuwaelekeza kwenye haki moja, na hivyo huizidishia dola nguvu kubwa juu ya nguvu ya idadi yao. Lakini pia alionya kwamba mtu anayesimama kuwapigania watu kwa jina la dini bila ya kuwa na watu wa kumshika mkono, hujitia katika maangamizo na kuwaangamiza wenziwe. Na wengine, akaeleza, hulitumia jina la dini kwa kutafuta ukubwa tu. Vita vingi ambavyo watu huviita vya dini, ukivichimba, chini yake utaona ukoo na ukoo, au kundi na kundi, wakigombea nchi na mapato yake.

La nne ni dhulma. Aliona kuwa mwanzo wa dola kodi huwa ni ndogo na mapato huwa ni makubwa, kwa sababu watu hufanya kazi kwa raha. Na mwisho wa dola kodi huwa kubwa na mapato hupungua, kwa sababu watu hukata tamaa wakaacha mashamba na biashara. Sultani akiingia sokoni akashindana na wafanya biashara, huwaua. Na dhulma kwake si kunyang'anya mali peke yake. Ni kila kumtoza mtu asilopasiwa na kila kumzuilia haki yake. Dhulma, alisema, huharibu maisha ya watu mijini na mabarani, na yakiharibika hayo dola huanguka. Hapa Kadhi na mchunguzi wa siasa walikuwa mtu mmoja: lile ambalo sheria imeliharamisha, yeye alionyesha kwa mifano ya tarehe namna linavyoua mataifa.

KUHAMIA KWAKE MISRI

Mwaka 1378 alirudi Tunis alikozaliwa, kwa kuwa alihitaji vitabu ili akamilishe kazi yake. Huko akapata wanafunzi wengi, na pamoja nao akapata uadui wa mufti mkubwa Ibn Arafa. Mwaka 1382 akaomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda merikebu mpaka Alexandria, kisha akaingia Kairo, mji ambao ukubwa wake ulimshangaza. Akafundisha katika al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akampa ukadhi mkuu wa Kimaliki.

Akaushika ukadhi kwa mkono mzito. Hakukubali maombezi ya wakubwa, wala hakuwaacha mashahidi wa uongo na waandishi wa hati za hila waendelee na kazi yao. Watu wengi wakamchukia. Katika siku hizo hizo ukamjia msiba ulio mkubwa kuliko wote. Sultani wa Tunis alikuwa amewazuia jamaa zake ili yeye arudi. Barquq akamwombea, wakaruhusiwa. Nao walipokaribia Alexandria merikebu yao ikazama, akapoteza mke na watoto na mali. Mwaka uliofuata akaondolewa katika ukadhi. Akaelekea kufundisha, na mwaka 1387 akaenda Makka akahiji. Baadaye alirejeshwa katika ukadhi mara baada ya mara, akawa ameushika mara sita kwa jumla.

MBELE YA TIMUR

Mwishoni mwa mwaka 1400 Timur, mshindi wa nchi za mashariki, aliingia Sham na majeshi yake. Sultani kijana wa Misri, Faraj mtoto wa Barquq, alitoka kumkabili, na Ibn Khaldun akafuatana naye mpaka Damascus. Lakini Sultani alipata khabari kuwa kuna njama ya kumpindua Kairo, akarudi mbio, akauacha mji kama yatima. Mwezi wa Januari 1401 Ibn Khaldun, mzee wa karibu miaka 70, aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa mji, akaenda hemani kwa Timur.

Alikaa huko kiasi cha siku 35. Timur alimwuliza sana juu ya nchi za Magharibi, kisha akamtaka amwandikie sifa za nchi hizo, naye akamwandikia. Alimzungumzia asabia na dola, na maneno ya kumsifu hayakukosekana. Alimpa zawadi: Kurani, msala mzuri, nakala ya kasida ya Burda, na makasha ya halua ya Misri. Akawaombea amani maulamaa na makatibu walioachwa mjini, akapewa. Lakini mji wenyewe haukusalimika. Uliporwa na kuchomwa moto, na moto ukaufika hata Msikiti mkuu wa Banu Umayya. Mwislamu aliuchoma mji wa Waislamu. Aliporudi Misri alimwandikia mtawala wa Fez kumweleza khabari za Timur na watu wake.

Tukio hili lina funzo kali. Elimu ya mwanachuoni ilimwokoa yeye na wachache, lakini haikuuokoa mji, kwa sababu wenye mamlaka walikwisha kuukimbia kwa kugombea kiti. Fitina ya ndani ya Kairo ndiyo iliyofungua mlango wa Damascus.

Ibn Khaldun alifariki katika mji wa Kairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808, yaani Machi 1406, naye akiwa Kadhi. Alizikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr. Mwenyezi Mungu amrehemu.

KITABU CHAKE BAADA YAKE

Mukaddima ilipigwa chapa Kairo mwaka 1857 na Paris mwaka 1858. Lakini kabla ya hapo, Wafaransa walipokuwa wanaiteka Algeria, Wizara yao ya Vita iliamrisha ile sehemu ya tarehe yake inayohusu Waberiberi ipigwe chapa, kisha ikafasiriwa na mtaalamu wao de Slane katika miaka ya 1850. Wakubwa wa ukoloni wakayatumia maneno yake kuwatenga Waarabu na Waberiberi, kana kwamba ni mataifa mawili yasiyoweza kukaa pamoja, na hali yeye alikuwa akieleza namna makabila yanavyopanda na kushuka. Ndipo tunapojua kuwa uchunguzi ni kama kisu: mganga hutibu nacho, na mwizi hutishia nacho. Swali la kumwuliza kila mchunguzi wa fitina za Waislamu ni hili: wachunguza ili utibu, au ili utawale?

Kwa upande wa Waislamu, Sheikh Muhammad Abduh aliifundisha Mukaddima katika Dar al-Ulum ya Kairo mwaka 1878, akitaka vijana wajue sababu za kudhoofika kwa umma, wasitosheke na kulia.

Na jambo moja hatulipiti kimya. Katika kitabu chake alikanusha ile ngano ya kuwa watu weusi ni weusi kwa laana ya Nabii Nuhu juu ya mwanawe Ham, akasema sababu ni joto la nchi, na katika hilo alipatia. Lakini mahali pengine alinena juu ya watu weusi maneno ya dharau, na katika hilo hatumfuati, wala mizani yake mwenyewe haimwungi mkono, kwani hakuifika nchi yetu. Ibn Battuta aliifika. Mwaka 1331 alilala Mombasa akawaona watu wake kuwa ni watu wa dini na wema, na misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri, kisha akaenda Kilwa akamsifu Sultani wake kwa ukarimu. Safari hizo ziliandikwa Fez mwaka 1355, na Ibn Khaldun alikuwa katika baraza ile ile. Hata mwanachuoni mkubwa hupotoka anapoiacha kanuni yake ya kupima khabari.

FUNZO KWA WATU WA PWANI

Tukiishika kanuni hiyo twaweza kuitazama hata tarehe yetu. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Lakini ukoo wa Yaarubi uliowaongoza ulipogombana wenyewe kwa wenyewe, na Oman nzima ikagawanyika Hinawi na Ghafiri, Wareno walirudi mwaka 1728 wakaishika Ngome tena, mpaka watu wa mji walipowatoa mwaka 1729. Na Mazrui waliotawala baadaye hawakuweza kuondolewa na Sayyid Said kwa miaka mingi, mpaka walipokhitilafiana nani ashike nchi, na mwaka 1837 ikawaponyoka. Hakuna katika hayo kilichotokea ghafula. Asabia ilivunjika kwanza, kisha adui akaingia.

Basi na tuzingatie. Katika Sura ya al-Hujurat tumeamrishwa mambo mawili yanayofuatana: kuichunguza khabari iletwayo na fasiki, na kuwapatanisha Waislamu wanapopigana. Sisi twapenda kutaja la pili na kulisahau la kwanza. Na atapatanisha vipi asiyejua chanzo cha ugomvi? Sulhu isiyojua asili ya ugomvi ni kama kukifunga kidonda na msumari ungali ndani.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu wenye madrasa wawafundishe watoto tarehe pamoja na fikihi, na kuwazoeza kuuliza nani amesema na amejuaje. Twawanasihi wenye nyaraka za kale majumbani wasiziache zikaliwa na mchwa, bali wazitoe zisomwe. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wetu na akafariki mwaka 1947, hakungoja mgeni aje kuandika tarehe ya ukoo wake, aliiandika mwenyewe. Na vijana wetu waliopata kuingia vyuo vikuu twawaomba waichukue elimu hii ya kuchunguza siasa na vita vya nchi za Kiislamu, waifanye kwa uadilifu, hata ikiwa ukweli utalikuta kosa upande wa jamaa zao. Kwa sababu umma usiojichunguza utachunguzwa na wengine, na dawa utakayopewa itakuwa ni ile iwafaayo wao.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atujaalie kuiepuka, na aziunganishe nyoyo za Waislamu popote walipo. Amin.